Mfungaji Bora

Kuna watu ambao kinyongo kinawaisha. Wanalala nacho, asubuhi wanaamka hawakioni. Mimi sikuumbwa hivyo. Changu nilikifuga, nikakilisha, kikanenepa, na siku ya kukichinja nilivaa gauni langu la kanisani. Nasimulia haya bila kujuta. Anayetafuta habari za kusamehe ana watu wengi wa kumsimulia, mimi simo.

Yote yalitokana na neno moja, tena neno ambalo mtoto wa chekechea analijua: kufunga.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ushirika wa wakulima wa ufuta hapa Mpanda mjini. Kitengo chetu kilikuwa na watu wawili, mimi na bosi wangu. Nitamwita Mkuu wa Kitengo, maana ndivyo alivyopenda kuitwa, hata na mama muuza chai. Alikuwa kijana wa rika langu, mashati yamepigwa pasi, maneno kaja nayo kutoka Dar. Kazi alizijua kwa majina tu. Ukimpelekea tatizo anakutajia jina lake kwa Kiingereza, anatikisa kichwa kama daktari, halafu anaenda kunywa chai. Sikumchukia wakati huo. Nilimwona mvivu wa kawaida, na maofisini wamejaa.

Mfumo wetu wa kupokea ufuta ulikaa kwenye seva moja, katika chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya magunia. Ndani ya seva hiyo kulikuwa na programu ya mizani, programu ya kutoa stakabadhi, na hifadhi ya majina ya wanachama na uzito wa mizigo yao. Vyote vilirundikwa pamoja. Ukirekebisha mizani, stakabadhi zinaanguka. Ukirekebisha stakabadhi, majina hayaonekani. Msimu mzima nilikuwa nazima moto huku unawaka kule.

Nikapendekeza tuweke makontena. Nilimweleza Mwenyekiti wa ushirika, mzee wa Kisukuma ambaye baba yake alishuka na ng'ombe kutoka kaskazini. Yeye mwenyewe aliuendesha ushirika kama alivyoendesha zizi lake: kila kitu kihesabiwe, kiingie, mlango ufungwe. Nilipotamka kontena alichungulia nje dirishani.

"Litapita wapi? Geti lenyewe hili jembamba."

Nikacheka, nikamweleza taratibu. Nikamwambia, mzee, si unayaona yale makontena ya chuma pale stendi, moja saluni, moja duka la dawa za mifugo, moja wanakaanga chipsi. Kila mmoja ana vitu vyake ndani, na mwenye chipsi akiunguza mafuta, saluni hainuki. Ndani ya seva tutafanya hivyo hivyo, ila hayaonekani kwa macho. Mizani kontena lake, stakabadhi kontena lake, majina kontena lake. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa binti, mradi getini hapaguswi.

Kazi niliifanya siku ya Alhamisi, siku mbili kabla ya mnada. Kwanza niliondoa toleo la zamani ambalo mtu alishawahi kulipachika, maana ukiweka jipya juu ya la zamani yanagombana. Kisha nikachukua ufunguo wa watengenezaji, ule ambao kompyuta inautumia kuhakikisha kwamba unachopakua kimetoka kwao kweli na si kwa tapeli. Nikapakua injini ya makontena, intaneti ikisuasua, nikaifunga kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva yetu. Nikawasha kontena la majaribio, lile dogo ambalo kazi yake yote ni kukusalimia kwenye skrini na kujizimia zake. Likanisalimia. Baada ya hapo nikahamisha programu zetu moja moja, na majina na uzito nikavipa stoo yao pembeni, ili hata kontena likibadilishwa vyenyewe vibaki. Mwisho nikaiambia seva kwamba umeme ukikatika na kurudi, iamshe kila kontena bila kumsubiri mtu. Siku hizi umeme wa kwetu umetulia, lakini mimi nimekulia Katavi, siamini umeme.

Nakala ya kila kitu niliiweka kwenye diski ya pembeni, nikaitia kwenye droo ya Mkuu mbele ya macho yake.

"Vipi?" akaniuliza.

"Nimeshafunga. Kila kitu kinatembea."

"Safi sana, sista."

Tulielewana. Mafundi wote wa nchi hii, awe wa umeme, wa king'amuzi au wa pampu ya maji, akikuambia nimefunga ana maana ameweka, ameunganisha, kinafanya kazi. Mkuu alilijua hilo. Nakuomba ulishike hilo, kwamba alilijua.

Ijumaa nilishinda naangalia mfumo mpaka mchana, mizani zikasoma vizuri, stakabadhi zikatoka. Nikaomba ruhusa nikaenda kijijini Kasekese kumsaidia mama kupakia ufuta wake.

Mama yangu ni mkulima. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi, yeye akazaliwa huku huku, uraia akaja kuupata akiwa tayari na watoto. Kiswahili chake kina r mahali pa l, na watu wenye roho mbaya hawakosi kumkumbusha. Kwa hiyo mama aliishi kwa uangalifu. Hakopi, hagombani, mbuzi wake haingii shamba la mtu. Alitaka awe mtu ambaye hakuna anayeweza kumnyooshea kidole. Mimi kupata kazi ushirika ilikuwa kwake kama yeye mwenyewe kupewa kiti mbele.

Jumamosi asubuhi tukiwa tunapakia magunia kwenye Fuso, simu ikaita. Mkuu.

"Sista, diski ya seva imejaa. Hivi ile amri ya kufuta visivyotumika ni ipi?"

Nilijua kwa nini imejaa. Alikuwa anahifadhi humo mechi na tamthilia zake, msimu kwa msimu. Nikamwambia futa tamthilia zako, mengine usiguse, nakuja na Fuso, saa si nyingi nitakuwa hapo. Akasema poa. Nikarudi kushika gunia.

Tulipofika Mpanda uwanja wa ghala ulikuwa umefurika. Wakulima wamekaa juu ya magunia yao nje, ghala halipokei, mizani kimya. Wanunuzi walikuwa wanarudi kwenye magari yao. Mkuu alinivuta pembeni kabla sijasalimia watu.

"Nilisafisha kidogo tu," akasema kwa sauti ya chini.

Alichofanya ni hiki. Alisimamisha makontena yote, akidhani yakilala yatapunguza uzito. Kisha akaandika amri aliyoiona kwenye video, ya kufuta kila kisichotumika pamoja na stoo zake. Kontena lililosimamishwa, kwa seva, ni kitu kisichotumika. Seva ikamtii. Ikafuta mizani, ikafuta stakabadhi, ikafuta majina na uzito wa watu wote. Tamthilia zake zikabaki, maana zilikuwa kwenye folda ya pembeni.

Nikamwambia usiogope, diski ya nakala ipo, nipe nafasi nirudishe, mchana huu huu tutapima. Nilimhurumia, yarabi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimhurumia. Nikageuka kwenda chumba cha seva, na hapo hapo mvua ikashuka.

Si msimu wa mvua ule, hakuna aliyekuja na turubai. Watu walikimbilia magunia, wengine wakayalalia. Ufuta ukishalowa umekwisha, unaoza au unaota ndani ya gunia. Mama alivua kitenge chake cha juu akafunika gunia moja, mengine yakalowa akiyaangalia. Mvua ilipopungua Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati ya uwanja, suti imemgandia mwilini, anauliza kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo.

"Mfumo una nini?"

Mkuu wa Kitengo akasogea mbele. Ile sauti ya chini aliiacha kule pembeni.

"Mzee, huyu dada aliufunga juzi. Leo ndiyo haya."

Ukilisikiliza neno kwa neno, hakusema uongo. Mwenyekiti akanigeukia, na wakulima wote wakanigeukia, na mama yangu akiwa na maji yanamchuruzika usoni akanigeukia.

"Binti, ulifunga au hukufunga?"

Na mimi, na kimbelembele changu, na kiburi cha kazi nzuri, nikajibu kwa sauti ili wote wasikie.

"Nilifunga, mzee. Nilifunga mwenyewe kwa mikono yangu, na nilifunga vizuri."

Uwanja ulitoa mguno. Niliona uso wa Mwenyekiti ukibadilika na sikuelewa kwa nini. Kwake yeye kufunga ni kitu kimoja, ni kile unachofanya zizini jioni. Mnada unakuja, wakulima wanaleta mali, na binti mdogo anasimama mbele yao kujisifu kwamba alifunga mlango. Nilipoelewa walikuwa wameshaanza kunyanyuka na kupiga kelele. Nikamwangalia Mkuu, nikamwambia, "Waambie. Waambie kufunga ni nini." Akainama kufunga kamba ya kiatu. Alivaa viatu visivyo na kamba.

Nilisimamishwa kazi pale pale, kwenye matope. Katika kazi yetu kontena ukilisimamisha unaliamsha kwa neno moja tu. Mimi hakuna aliyeniamsha. Chumba cha seva nilikatazwa hata kukisogelea, na nilipokwenda kujieleza kwa Mwenyekiti sikufunguliwa geti. Wiki iliyofuata wakamleta fundi kutoka Tabora, akarudisha kila kitu kwa diski yangu mwenyewe, ile ya kwenye droo, na sifa za kuokoa ushirika akapewa Mkuu wa Kitengo.

Mpanda ni mji wa kusikia. Kijiwe cha bodaboda cha Kawajense, mtaani kwangu, walinipa jina kabla sijamaliza mwezi: Mfungaji Bora. Nikipita na ndoo, "Mfungaji bora huyo kapita." Nikipita na begi, "Leo kafunga ngapi?" Wenyewe walikuwa wanatania, vijana hawana baya. Nikawa nacheka nao huku natafuna ulimi.

Kasekese hapakuwa na utani. Kule mama aliitwa Mama Mfungaji, na hakuna aliyecheka. Watu ambao ufuta wao ulilowa waliacha kumwomba chumvi. Kuna jirani alisema kisimani, mama akiwa hapo hapo na ndoo yake, kwamba hawa watu ukiwapa kiti wanafunga mlango. Hawa watu. Mwanamke aliyezaliwa Katavi, akalima Katavi, akazika mume Katavi.

Nilikwenda kumweleza. Nilikaa naye jikoni nikamweleza kufunga kwa mafundi na kufunga kwa mlango, nikamchorea majivuni kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza moto, akaniita mwanangu kwa Kirundi.

"Rakini urisema mwenyewe, mwana wanje. Nirikuwa pare. Nimesikia."

Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameamini. Mama yangu mzazi aliamini kwamba nililowesha ufuta wake kwa mkono wangu, na alikuwa ameamua kunipenda hivyo hivyo. Ningevumilia mengine yote, lakini si huruma ile. Nilitoka nje nikaapa, sitasema niliapa nini, ila yule bwana alikuwemo.

Basi nikaanza. Tulikuwa tunasali kanisa moja, mimi na Mkuu. Kila Jumapili nilikaa benchi la nyuma yake, nikamtazama kisogo. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kutazama kisogo, ibada nzima. Akihama upande wa kwaya, nahama. Akija ibada ya kwanza, na mimi nimewahi. Wakati wa kupeana amani ananyoosha mkono, namwangalia mkono mpaka aurudishe. Nilinunua jogoo mmoja mwenye kifua mbele, mvivu, anayewika wakati wenzake wameshamaliza, nikampa jina la Mkuu wa Kitengo. Krismasi nikamla. Nilimla na pilau, polepole, na mifupa yake nikaivunja kwa meno.

Na nilifungua ofisi yangu pale Kawajense, chumba kimoja cha mbele. Nilifunga mifumo kwenye maduka ya dawa, gesti, mashine za kukoboa. Mchora mabango aliponiuliza aandike nini, nilimwambia andika kubwa: MFUNGAJI BORA, na chini yake, TUNAFUNGA MIFUMO YA KOMPYUTA. Vijana wa kijiweni waliliangalia bango, utani wao ukaishia hapo. Kwa kuwa ofisi ilikuwa njia ya kwenda ghalani, nilijua Mkuu atalisoma asubuhi na jioni.

Msimu mmoja ukapita, wa pili ukakaribia. Ile seva ya zamani ikafa kwa uzee, ushirika ukanunua mpya, na Mkuu akatamba kwamba ataifunga mwenyewe. Habari nilizipata kwa mhasibu wa ushirika, mwanamama aliyekuwa mteja wangu. Mkuu aliweka injini ya toleo la zamani, ikakataa. Akaweka jipya juu yake bila kuondoa la zamani, yakagombana. Ufunguo wa watengenezaji hakuuweka kabisa, kwa hiyo kila alichotaka kupakua seva ilikikataa, na yeye akaamini seva ni mbovu. Yule fundi wa Tabora alikuwa ameshahamia kwingine, na mnada unakaribia.

Nilijua atakuja. Niliosha kikombe cha wageni nikakiweka tayari, kisha nikakirudisha kabatini.

Alikuja na bajaji, mchana kweupe, jasho kwapani. Akasimama chini ya bango.

"Sista, za siku. Unajua sisi ni watu wamoja. Tusaidie basi, njoo utufungie mfumo."

Alilitamka hivyo hivyo, utufungie, kama mtu anayetamka chumvi. Nilimtazama usoni nikitafuta hata chembe ya aibu. Haikuwepo. Yule bwana alikuwa amesahau. Neno lililoninyima kazi, lililomfanya mama yangu ateke maji peke yake, yeye lilikuwa limemtoka kichwani kama mechi ya juzi.

Nikamwambia nitakuja, na sina masharti ila moja dogo. Mimi nilisimamishwa mbele ya wanachama, siwezi kurudi kwa mlango wa nyuma. Kesho kutwa kuna mkutano wa wanachama. Simama pale, uniombe mbele yao kwa maneno hayo hayo uliyoniambia sasa hivi.

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Akashusha pumzi. Akasema mimi ni mtu mwelewa sana.

Jioni ile nilimpigia mama nikamwambia asikose mkutano. Akasema ataona aibu. Nikamwambia vaa kitenge kizuri, uje.

Ukumbi wa ushirika ulijaa mpaka madirishani. Mama alikaa nyuma kabisa, kwenye ukingo wa benchi, na kwenye nafasi kati yake na jirani yake angeweza kukaa mtu mnene. Mimi nilisimama karibu na mlango, na gauni langu la kanisani. Ilipofika zamu ya kompyuta Mkuu akasimama, akanyoosha kola.

"Mwenyekiti, na wanachama wote. Seva mpya imefika. Kwa kuokoa muda, naomba kikao kiridhie yule dada yetu aje atufungie mfumo."

Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja alisimama akaelekeza fimbo kwangu. Mwenyekiti alipiga meza mpaka kukatulia.

"Wewe una akili timamu? Atufungie tena? Si ndiye aliyetufungia tukalowa?"

Mkuu akatabasamu, lile tabasamu la kuwaelewesha wazee.

"Hapana, Mwenyekiti. Kufunga kwetu sisi wataalamu si kufunga mlango. Kufunga ni kuweka. Ni kusimika mtambo ufanye kazi. Ukifunga mfumo maana yake ndiyo umeuwasha."

Alipofika kwenye neno umeuwasha, alisikia. Niliona akisikia. Midomo iliendelea kidogo bila sauti, kisha ikasimama.

Mwenyekiti hakupaza sauti. Mzee yule akikasirika kweli anashuka chini.

"Tangu lini maana yake hiyo?"

Mkuu akanyoosha tena kola.

"Nakuuliza kijana. Limeanza kuwa na maana hiyo wiki hii?"

"Hapana, mzee. Ni... siku zote."

"Na ile siku ya mvua, binti aliposema amefunga, wewe ulisikia kuweka au ulisikia mlango?"

Mkuu akaangalia chini. Safari hii hakuinama kugusa viatu.

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Binti, siku ile ulisema kufunga kupi?"

"Kwa kuweka, mzee. Niliuweka, ukatembea Ijumaa yote, nyie wenyewe mlipimiwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Mlikuwa mnapiga kelele. Na yeye nilimwambia awaambie, akawa anafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba."

"Sasa mlango alifunga nani?"

"Muulizeni aliyenipigia simu asubuhi ile, mama yangu akiwa ananishikia gunia, nikamwambia usiguse."

Vichwa vyote vikarudi kwa Mkuu. Shati lake la pasi lilikuwa limeshika mgongo. Akasema kwa sauti ndogo, ile ile ya pembeni ya ghala:

"Nilisafisha kidogo tu."

Ningependa kusema kwamba nilipata uchungu kumwona vile. Sikupata. Nilijisikia vizuri kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nilitaka aendelee kusimama pale mpaka jioni.

Wengine walidai afukuzwe, wengine polisi, mzee wa fimbo akadai fimbo. Ndipo mama akasimama kule nyuma. Mama yangu hajawahi kusimama kwenye mkutano wowote. Alishika ukingo wa kitenge kwa mikono miwili, na nilijua anachotaka kusema, atasema asamehewe, ndivyo alivyo, atanimwagia maji mbele za watu.

"Mie naomba asifukuzwe," akasema.

Watu wakaguna kwa heshima. Mimi nikafumba macho.

"Akifukuzwa atarudi kwao Dar. Kure hawajui arichofanya, ataanza upya, atanenepa. Mie sikwenda popote. Niribaki pare pare kisimani na jina nirilopewa. Na yeye abaki. Abaki hapa tumuone kira msimu, na yeye atuone."

Nilifumbua macho. Nilikuwa nimejidhania mimi ndiye mwenye roho ngumu katika ukoo wetu. Kumbe nilirithi, na nilichopata ni makombo.

Mwenyekiti akacheka kidogo puani. Akasema mama amesema. Akamwambia Mkuu kwamba kwa kuwa amekiri anajua kufunga kwa namna mbili, na ya kwanza imemshinda, atapewa ya pili. Akamnyooshea mkono mlinzi wa ghala ambaye alikuwa anastaafu, akachukua funguo za geti, akaziweka juu ya meza.

Mwenyekiti alinifuata baadaye akanipa mkono, akasema ushirika umenikosea. Niliupokea kwa ncha za vidole. Yeye naye yumo kwenye hesabu zangu, ila ni mtu mzima, nitampunguzia.

Mfumo niliufunga kesho yake, asubuhi, mlango wa chumba ukiwa wazi ili kila anayepita aone. Niliondoa uchafu wa matoleo yaliyogombana, nikaweka ufunguo, nikaifunga injini, nikaliwasha lile kontena dogo likanisalimia. Kazi ya kudumu waliyonirudishia niliikataa. Nawahudumia kutoka ofisini kwangu, chini ya bango langu, wakiniita naenda.

Mama siku hizi akileta ufuta anakaa na wanawake wenzake juu ya magunia, na yule jirani wa kisimani ndiye anayemshikia nafasi. Bado anaitwa Mama Mfungaji, lakini sasa linatamkwa vingine, na yeye analiitikia.

Msimu huu tulitoka naye ghalani jioni, mizigo yote imeshapimwa. Mkuu alikuwa getini, amevaa koti la mlinzi, anazungusha mnyororo. Angeweza kuondoka, hakuna aliyemfunga. Sijui kwa nini habanduki, na sijamuuliza. Alituona akataka kuangalia pembeni. Mama alisimama mbele yake, mfupi, na kapu kichwani.

"Umefunga?"

"Nimefunga, mama."

Mama akaushika mnyororo, akauvuta kuona kama umekaza, akaridhika.

"Haya. Kesho nitakuuriza tena."

Tukapanda bajaji, tukaenda zetu Kawajense kupika.